Mkuu, weka nyundo chini: rimu za spoki za MGB hazifunguliwi kama Fuso

Mkuu mleta uzi, mwambie huyo fundi apumzike kwanza. Umeandika kwamba amekuhakikishia nati za kushoto za MGB yako, hiyo gari ndogo ya michezo ya zamani ya Kiingereza, zinageuzwa kinyume "kama za Fuso", na kesho asubuhi mnaanza kazi. Nimesoma hapo nikaacha chai inapoa. Hapana, hapana, hapana.

Malori ya zamani, Fuso, Isuzu, Bedford, ni kweli nyuzi za kinyume, yaani zinazofunguka kwa kuzungusha kufuata mshale wa saa, ziko upande wa kushoto. Kila fundi aliyekulia kwenye malori anajua hilo hata ukimwamsha usiku wa manane. Lakini MGB, Jaguar E-Type, Austin-Healey na hizo Triumph zenye rimu za spoki zinazobanwa na nati moja kubwa ya katikati, mpango wake ni mwingine kabisa. Kushoto ni nyuzi za kawaida. Kulia, yaani kwetu upande wa dereva, ndiko kwenye nyuzi za kinyume.

Na wala usikariri kushoto na kulia, utachanganyikiwa ukiwa umechuchumaa na jasho limekuingia machoni. Kariri hili tu: KUFUNGUA NI MBELE. Simama ubavuni mwa gari, tazama sikio la juu la nati, yaani lile bawa lake linalochomoza, lipige lielekee kwenye taa za mbele. Kufunga, sikio la juu lielekee kwenye buti. Magurudumu yote manne, hakuna la upande huu wala upande ule.

Mimi sikuambiwa hivyo. Yangu niliinunua Tanga kwa mzee mstaafu, imekaa bandani miaka inapigwa na upepo wa bahari, lakini krome inang'aa kwa sababu mzee alikuwa anaisugua kila Jumapili. Alisugua mpaka neno "UNDO" na mshale wake, ambavyo Waingereza waliviweka kwenye nati ili watu kama mimi wasilie, vikafutika. Tairi la mbele kulia likaisha upepo. Nikamleta fundi kutoka mtaa wa Gerezani, Dar, mtu mwenye sifa zake, mikono kama ya baunsa. Akaitazama nati, akacheka, "Hii ndogo bosi." Akauliza ni upande gani, akajijibu mwenyewe: kulia, kwa hiyo kawaida. Akashusha nyundo ya chuma.

Nati ikasogea. Kidogo, kama upana wa ukucha, na sote tukashangilia. Mkuu, ilikuwa inakaza! Pigo lile la kwanza ndilo lililotumaliza, maana tukaamini njia ni ile, kilichobaki ni kutu tu. Ikamwagwa dizeli. Likaletwa bomba. Kila nati ilipogoma fundi alisema "kutu hiyo", na mimi nimesimama pale naitikia kama mjumbe wa kamati. Sikio moja la nati likakatika, likaruka likatoboa madigadi. Hapo mwenye akili angesimama. Sisi tukaenda kutafuta grenda.

Grenda ilikata nati, ikakata na nyuzi za habu, kile kitovu kinachobeba rimu, iliyokuwa chini yake. Tukamalizia kwa tindo. Rimu ilipotoka, pua yake, pale nati inapokalia, ilikuwa imepondeka, na ukiizungusha inayumba. Kwa hiyo orodha ya hasara: nati, habu, rimu, madigadi, halafu usafiri na ushuru, kwa sababu habu ya MGB huipati Kariakoo hata uwe na mganga. Mke wangu mpaka leo rimu ile anaiita "vigae vya jikoni". Ndiyo hela iliyokuwa imepangiwa vigae. Fundi alichukua hela yake ya siku, akaniambia gari za Wazungu zina matatizo. Gari za Wazungu!

Usidhani yaliisha hapo. Vifaa niliagiza kwa muuzaji wa Marekani, nikamwandikia nataka habu na nati ya mbele, upande wa dereva. Dereva wa Marekani anakaa wapi? Kushoto. Akanitumia za kushoto, na hakukosea, alinipa nilichoomba. Habu ikaingia vizuri bila ubishi, maana inaingia pande zote mbili, na nati ikaingia kwenye habu yake vizuri pia. Raha tupu. Siku moja natoka Mbezi, nikikanyaga breki nasikia "tak". Nikiachia, "tak" tena. Nikasimama pembeni, nikashika nati kwa vidole, ikazunguka. Kwa vidole, mkuu. Zingebaki kilomita kadhaa gurudumu lingenipita barabarani likaniacha.

Sababu ni hii, na ndiyo ile ile inayowafanya mafundi wa malori wakosee. Nati ya mfumo huu wa Rudge-Whitworth, wale waliokuwa watengeneza baiskeli wa Coventry, ina shimo la ndani lenye mteremko linaloifunika pua ya rimu. Shimo la nati ni kubwa kidogo kuliko pua. Gari likitembea, uzito unafanya nati ijiviringishe taratibu juu ya pua na kurudi nyuma, kinyume cha gurudumu linavyozunguka. Ukiwa na nyuzi za upande wake sahihi, kurudi nyuma huko ndiko kukaza. Ukiwa na nyuzi za upande wa pili, gari lenyewe linakufungulia nati bila kukudai ujira. Kwa hiyo ukiagiza, andika kushoto au kulia ukiwa umekaa kwenye gari unatazama mbele. Neno "dereva" lisionekane popote kwenye oda.

Na kabla ya kupiga chochote, hakikisha gari lako halijachezewa kama langu. Mwenye gari wa zamani anaweza kuwa alibadilisha habu pande. Futa grisi na uchafu, tafuta mshale. Kama mshale wa kufungua unaelekeza sikio la juu nyuma ya gari, basi habu imekaa upande usio wake: fungua kwa kufuata mshale, halafu gari lisitoke nyumbani mpaka urekebishe. 

Nyundo iwe ya shaba, ya risasi au ya ngozi. Ya chuma mwachie fundi wa kokoto. Pigo la kwanza ipige nati wakati tairi bado limekanyaga chini, handibreki imevutwa, ndipo upige jeki. Kama nati zako hazina masikio, zina pembe nane, usishangae: kuanzia 1968 Marekani ilikataza masikio yanayochomoza kwa usalama wa wapita njia, na magari mengi ya huko yakaja na hizo. Zina spana yake, kipande kizito chenye tundu la pembe nane. Usijaribu na bomba la maji, naomba.

Nati ikilegea lakini rimu imegandia kwenye meno ya habu, nati USIITOE. Ilegeze mizunguko michache ibaki palepale, shusha gari, lisukume mbele na nyuma hatua moja moja. Uzito wenyewe utaibandua, na nati itaizuia isikurukie miguuni. Ikitoka utaona unga mwekundu wa kutu umejaa kati ya meno. Piga brashi, kisha papasa kwa kidole: meno yakiwa yamechongoka na kuinama upande mmoja yamekwisha, hilo gari usilikimbize. Yakiwa mazima, paka grisi kwenye meno, kwenye mteremko wa pua na kwenye nyuzi, rudisha rimu, piga masikio kuelekea nyuma. Tembea kilomita chache, simama, pigilia tena.

Uliuliza na mambo ya tyubu, na krome, na kitu kingine cha tatu ambacho nimekiruka kwa hasira. Watakuja wengine. Wewe kabla hamjaanza kesho piga picha nati zote nne, kila picha ionyeshe taa ya mbele au buti ili tujue gari limeelekea wapi, uziweke hapa. Na huyo fundi muulize jambo moja tu: kufungua ni wapi? Akijibu "kushoto" au "kulia", mlipe nauli arudi.