Fundi Anajibu: Trimu Haiinui Mashine, Je, Niifungue?

SWALI: Ndugu Fundi, salaam. Nina boti ya faiba yenye mashine ya nguvu za farasi 90, na kwa majuma mawili sasa trimu, yaani ule mtambo wa mafuta unaoinua na kushusha mashine, imegoma. Nikibonyeza swichi ya kuinua, nasikia mota ikizunguka kule tezini, lakini mashine haipandi hata inchi moja. Mwenzangu mmoja amenishauri niitoe trimu nzima niipeleke kwa fundi wa haidroliki. Nimeianza kazi hiyo, nikakwama kwenye pini ya juu inayoiunganisha pistoni na mashine, ambayo nimeigonga kwa nyundo hadi ncha yake imeanza kutanuka. Naomba unielekeze namna ya kuitoa bila kuharibu kitu, na uniambie pia kama kweli kuna haja ya kuitoa.

JIBU: Ndugu msomaji, weka nyundo chini kwanza, kwa sababu swali lako la mwisho ndilo lililopaswa kutangulia. Kwa kuwa mota inazunguka, umeme unafika, na kwa hiyo fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayoiwasha mota) na swichi yenyewe hazina kosa. Ugonjwa uko kwenye mafuta, kwenye valvu, au pale mota inapoungana na pampu. Sikiliza mlio wake kwa makini: mota inayozunguka haraka na kwa wepesi, kana kwamba haina mzigo, kwa kawaida haina mafuta ya kusukuma au kiungo chake na pampu kimekatika, ilhali mota inayolalama kwa sauti nzito inasukuma kitu kilichokataa kusogea.

Baada ya hapo itazame valvu ya kulegezea kwa mkono, yaani ile skrubu ambayo katika mashine nyingi hufikiwa kwa bisibisi kupitia tundu lililoko ubavuni mwa breketi inayoishika mashine kwenye boti. Imewekwa pale ili mashine iweze kuinuliwa kwa mikono betri inapokufa, na mtu akiisahau ikiwa wazi, mafuta huzunguka tu na kurudi tangini bila kuisukuma pistoni. Nimeshaletewa trimu iliyofunguliwa kwa jasho la siku nzima, nayo haikuwa na ila nyingine isipokuwa skrubu hiyo. Kabla ya kuifunga, mwite msaidizi mwinue mashine hadi mwisho na kuikalisha kwenye kitegemeo chake. Kisha ifunge skrubu mpaka ikae, bila kuilazimisha, ndipo ufungue kizibo cha tangi la mafuta. Kizibo hicho hakifunguliwi mashine ikiwa chini, kwa kuwa mafuta yanaweza kukurukia kwa shinikizo, na tena kipimo hakiwi sahihi mpaka pistoni iwe imetoka yote. Mafuta yanatakiwa kufika ukingoni mwa tundu. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia.

Ikiwa valvu imefungwa, mafuta yamejaa na mashine bado haipandi, basi mwenzako amesema kweli na trimu itoke.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni uzito. Mashine ya farasi 90 kwa kawaida huzidi kilo 120, na pistoni ya trimu ndiyo inayoubeba mzigo huo inapokuwa imeinuliwa. Ukiichomoa pini ya juu, kinachobaki ni kile kitegemeo kidogo ambacho hakikukusudiwa kumlinda mtu aliyeingiza mikono chini yake. Mimi mwenyewe niliwahi kukiamini, nikaponea chupuchupu. Ifunge mashine kwa mnyororo au mkanda wa winchi kwenye pete yake ya kunyanyulia, ambayo kwa kawaida iko chini ya kifuniko, uukaze hadi winchi ndiyo ibebe uzito, kisha uweke na kabari ya mbao ngumu kati ya breketi na mwili wa mashine.

Tenganisha waya hasi wa betri kabla ya kugusa nyaya za mota. Nyaya hizo kwa kawaida ni mbili nene, katika mashine nyingi ya bluu ikiwa ya kupandisha na ya kijani ya kushusha, lakini zipige picha hata hivyo. Kabla hujazivuta zitoke kwenye tundu la kifuniko, funga uzi mrefu kwenye ncha zake, na uzi huo uuache ndani nyaya zikishatoka. Siku ya kurudisha, utazivuta kwa uzi badala ya kuhangaika na kidole na tochi.

Sasa tuje kwenye pini yako. Pini hiyo ni ya chuma kisichoshika kutu, nayo imekaa ndani ya alumini. Maji ya chumvi yakiingia kati ya metali hizo mbili, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe unaovimba na kuibana pini. Kila pigo la nyundo limeitanua ncha, na ukiilazimisha kupita hivyo itachana tundu, ambalo thamani yake ni kubwa kuliko pini. Hakikisha kwanza kwamba klipu au kipini kidogo cha kuizuia kimetoka. Ipige tupa ncha mpaka irudi unene wake wa asili, kisha nyunyizia mafuta ya kulegezea kutu asubuhi na jioni kwa siku mbili au tatu. Siku ya kazi, mwagia maji yanayochemka kwenye alumini inayoizunguka pini, kwani alumini hutanuka kuliko chuma. Moto wa gesi usiusogeze hapo, kwa ajili ya petroli na sili za mpira zinazozuia mafuta kuvuja. Anza kwa kuizungusha pini iliyomo ndani, hata kwa robo ya mzunguko, ndipo uivute kwa kifaa cha kuvutia chenye bolti, nati na kipande cha bomba. Utasikia mkwaruzo mkavu, na unga mweupe utaanza kumwagika, hapo imekubali.

Kilichobaki hakina makuu. Fungua zinki iliyoko chini, yaani kile kipande kinacholiwa na chumvi badala ya mashine, ikiwa inaziba njia, toa pini au bolti za chini, kisha uishushe trimu ikiwa wima. Mashine nyingine hutaka breketi moja isogezwe nje kwa kulegeza nati kubwa ya bomba la usukani pamoja na bolti za tezini. Hapo winchi lazima iwe imebeba mashine yote.

SWALI: Nimerudisha trimu yangu baada ya matengenezo. Inapanda kwa kushtuka-shtuka, na asubuhi naikuta mashine imeshuka. Nimekosea wapi?

JIBU: Kushtuka ni hewa iliyobaki ndani. Jaza mafuta ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine, ipandishe na kuishusha hadi mwisho mara nne au tano, uiache itulie ikiwa juu, kisha uongeze mafuta na kurudia mpaka kipimo kisishuke tena. Kuhusu kushuka usiku, bandika utepe kwenye pistoni mashine ikiwa juu, bila kitegemeo, na usimruhusu mtu yeyote kupita chini yake. Asubuhi ukikuta utepe umesogea na kuna mafuta nje ya silinda, sili ya mdomo wa silinda, pale pistoni inapotokea, ndiyo inayovuja. Ukikuta pakavu, mafuta yanapita kwa ndani. Anza na oringi, yaani pete ya mpira, ya ile valvu ya mkono, ambayo mara nyingi huchanika inaporudishwa bila kupakwa mafuta.