Makanisa matano, mchungaji mmoja

SWALI: Shalom, Baba Mchungaji. Ninalea makanisa matano ya vijijini. Kila Jumapili nahubiri mawili, pengine matatu, na bado kila ninakofika naambiwa, "Mchungaji, umetutupa." Nisipofika, ibada inakuwa wimbo mmoja na matangazo, watu wanatawanyika. Nimechoka, na mke wangu amechoka kuliko mimi. Nifanyeje?

JIBU: Shalom, mchungaji mwenzangu. Barua yako nimeisoma nikajiona. Mimi nilikuwa na makanisa saba na baiskeli moja. Miaka minne nilikimbizana nayo, nikijisifu kwamba sijakosa zamu hata moja. Kisha nikavunjika mguu, nikalala ndani miezi mitatu. Niliporudi, makanisa mawili yalikuwa yamefungwa, yale yale niliyoyahudumia mara nyingi kuliko yote. La mbali kabisa, ambalo nililifikia mara moja tu kwa mwezi, lilikuwa limejaa. Mama mmoja mjane alikuwa akiwasomea Neno, wanaulizana maswali, kisha wanakwenda pamoja kumwona mgonjwa. Basi. Nilifurahi, lakini aibu ilizidi.

Soma tena Matendo 14. Paulo alipigwa mawe Listra, akaburutwa nje ya mji wakidhani amekufa. Baadaye akarudi mji huo huo, na yeye na Barnaba wakachagua wazee katika kila kanisa, wakaomba na kufunga, wakawaweka mikononi mwa Bwana, wakaendelea na safari. Na wazee hao walikuwa waumini wa juzi tu! Sisi tunangoja mtu apate cheti kwanza.

Kwa hiyo, Jumapili moja, kanisa moja. Fika Jumamosi, ulale huko. Jioni kaa na wazee na wale unaoona wana kipawa, msome somo la Jumapili ijayo, ile ambayo hutakuwepo. Mmoja alieleze kwa maneno yake, wenzake wamuulize. Atakosea. Mahubiri yangu ya kwanza nilimchanganya Eliya na Elisha kutoka mwanzo hadi mwisho, na kanisa halikuanguka. Msahihishe mkiwa wawili, si mbele ya watu.

Ubatizo na Meza ya Bwana, fuata utaratibu wa dhehebu lako, ila tarehe zijulikane mapema. Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili, iandikwe hapo hapo, nawe usiiguse. Paulo alipopeleka changizo la watakatifu aliandamana na wenzake ili mtu asimlaumu. Yako kwenye 2 Wakorintho 8.

Watanung'unika miezi ya mwanzo. Waache.

Wiki ya sita, ukishamaliza zamu ya makanisa yote matano, usipande mimbarani popote. Kaa kwenye benchi na mke wako, umsikilize mzee akihubiri. Akimaliza, usisimame kuongezea.