Kuhusu The Sopranos: vumilia mpaka ya tano

Mkuu, umeuliza kama uendelee na The Sopranos, ile series ya Kimarekani ya mafia, maana uko episodi ya nne na unachokiona ni jibaba Tony, bosi wa mafia, linalogombana na mama yake na kwenda kwa daktari wa akili, huku risasi zikiwa za kuhesabu. Nakuelewa. Mimi mara ya kwanza niliiangalia geto, bado kapera, kwa DVD za kuazima. Kila Carmela, mke wa Tony, akitokea jikoni, napeleka mbele. Nikazimaliza episodi zote 86 hivyo hivyo, nikawaambia washkaji ni series ya kawaida tu.

Nimeirudia nikiwa na mke na binti, bila kuruka kitu.

Wewe fika ya tano kwanza. Tony anampeleka binti yake Meadow huko Maine kutafuta chuo. Ndani ya gari mtoto anamuuliza kama yumo kwenye mafia. Baba anakana, halafu anakiri nusunusu. Baadaye, kwenye kituo cha mafuta, anamwona jamaa aliyewachoma kwa FBI akahamishwa na kupewa jina jipya. Anamwacha binti kwenye usaili, anakwenda kumnyonga jamaa kwa waya, na waya unamchana mkono. Anarudi kumchukua mtoto. Mtoto anauona ule mkono, anauliza. Hapo nilijikuta nautazama mlango wa chumba cha binti yangu. Wakubwa wa HBO, kituo cha TV kilichoirusha, waliogopa watazamaji watamchukia Tony. David Chase, aliyeitunga series, akakomaa kwamba jambazi anayemwacha msaliti hai hakuna atakayemwamini. Episodi hiyo ikachukua Emmy, tuzo kubwa ya TV ya Marekani, ya uandishi mwaka 1999.

Lakini iliyonimaliza iko msimu wa tatu. Tony akiwa mtoto anamshuhudia baba yake akimkata kidole mwenye bucha kwa sababu ya deni la kamari. Baadaye nyumbani nyama ya bucha ile ile iko mezani, mama, ambaye siku zote amenuna, anachangamka, baba anamshika kiuno wanacheza. Mtoto anaanguka, anazimia.

Sisi tulikuwa na mjomba wa magendo. Sukari, vitenge, sijui na nini kingine. Kila alipokuja alibeba nyama kilo tatu imefungwa kwenye gazeti, na siku hiyo mama aliimba jikoni. Hatukuuliza. Kwa hiyo Carmela alipokwenda kwa daktari mwingine wa akili, mzee, na yule daktari akamwambia pesa zako sipokei, ni za damu, chukua watoto uondoke, nilimwona mama yangu amekaa kwenye kile kiti. Carmela naye haondoki, anarudi nyumbani. Nyumba nzuri ile, bwawa lipo.

Ndiyo maana mimi sioni kama wanachanganya vitu viwili, nyumbani huku na mauaji kule. Ni bili moja, inalipiwa mtaani, inaliwa mezani.

Halafu msimu wa nne kuna episodi zinaburuza, sikufichi. Usikate tamaa, ya mwisho wake ni mke na mume wanagombana tu. Hakuna anayekufa. Tony anapiga ngumi ukutani, pembeni ya kichwa cha Carmela. Mke wangu alichukua rimoti, akasimamisha, akaenda kunywa maji, na alikaa huko jikoni muda.