Wananiambia utamaduni wa kazi ni mbovu. Wanataka nini?

SWALI: Naongoza idara ya watu 19, nina miaka 54. Juzi tulijaza dodoso la siri, na hawa vijana wa kizazi cha milenia wakaandika kwamba utamaduni wa kazi hapa ni mbovu. Nilishtuka. Tumewawekea meza ya mchezo, tunawaita familia, mlango wangu uko wazi siku zote. Lakini ikifika saa kumi na moja jioni kompyuta zimefungwa, na ujumbe wangu wa saa tatu usiku kwenye kikundi cha WhatsApp haujibiwi. Tena hawatulii, kila mara mtu anahama. Enzi zetu hakuna aliyetoka kabla ya bosi. Ni uvivu, au nimepitwa na wakati?
Meneja mwenye mlango wazi

JIBU: Ndugu Meneja, hao unaowaita vijana kwa kawaida huhesabiwa kuanzia waliozaliwa 1981 hadi 1996. Wakubwa wao wameshavuka 40. Huyo anayefunga kompyuta saa kumi na moja huenda ana mtoto anayesubiri kuchukuliwa shuleni.

Kuhusu kutotulia, taasisi ya Pew ya Marekani ilipiga hesabu. Mwaka 2016, asilimia 63 ya wafanyakazi wa kizazi hicho walikuwa na mwajiri wao kwa miezi 13 au zaidi. Waliowatangulia, walipokuwa na umri huohuo mwaka 2000, walikuwa asilimia 60. Kwa hiyo hilo lifute.

Sasa mlango wako. Nimefanya kazi ya utumishi miaka 22, na mlango wangu nao ulikuwa wazi. Siku moja mhasibu mmoja, mchapakazi kwelikweli, alileta barua ya kuacha kazi. Nikamuuliza kisa. Akatoa kidaftari mkobani, akakifungua mbele yangu. Safu ya kwanza tarehe, ya pili alichoomba, ya tatu nilichojibu. Aliomba mafunzo ya programu mpya, aliomba kujua mshahara hupandishwa kwa vigezo gani, aliomba mkuu wake asimkaripie mbele ya wateja. Safu ya tatu ilikuwa neno moja kuanzia juu hadi chini: “Tutaliangalia.” Mara 7, ndani ya miezi 14. Wallahi sikujua kama hilo neno nalitumia. Na mara zote 7 aliingia kwa mlango uleule wazi.

Wanaposema utamaduni ni mbovu, mara nyingi wanasema hicho kidaftari. Neno “familia” nalo wanaliogopa, na siwalaumu, kwani mara nyingi hutamkwa siku ya kuombwa kazi ya ziada isiyolipwa.

Ujumbe wa saa tatu usiku uandike, kisha uutume asubuhi. Ufaransa, tangu Januari 2017, sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutoshughulika na simu za kazi baada ya saa za kazi. Usingoje sheria ikufikie.

Rudi kwenye dodoso. Chagua malalamiko mawili, uwaambie kikaoni nani atayashughulikia na jibu litatoka tarehe ngapi. Kama jibu ni hapana, sema hapana na sababu yake. Wanaivumilia kuliko unavyodhani.

Meza ya mchezo iache tu. Yetu tuliishia kuwekea makatoni ya karatasi.