Zima, lakini chunguza kwanza

Ndugu, nimekuelewa: unataka wasimamizi waweze kuzima itifaki za mtandao (kanuni ambazo kompyuta hutumia kuwasiliana) zisizotumika, na mkuu wako anahofia mtavuruga kazi. Mimi nasema wapewe uwezo huo. Mei 2017 WannaCry, programu hasidi inayofunga faili na kudai fidia, ilisambaa kupitia udhaifu wa SMBv1, itifaki kongwe ya kushirikiana faili ambayo wengi hawakujua hata kama imewashwa. Telnet, itifaki ya zamani ya kuendesha mashine ukiwa mbali, nayo hupitisha nywila wazi wazi. Hamia SSH, inayofanya kazi hiyo hiyo kwa usimbaji, kisha uzime Telnet.

Ila hofu ya mkuu wako si ya bure. Niliwahi kuzima SMBv1 Ijumaa jioni (kosa la kwanza hilo), Jumatatu skana ya zamani iliyoitegemea ikagoma kutuma faili. Kwa hiyo washa kumbukumbu za ukaguzi kwenye seva, zikuonyeshe nani bado anatumia itifaki hiyo, kwa mwezi mzima, unase na zile kazi za mwisho wa mwezi. Halafu anza na mashine chache, ukiandika ulichobadilisha na namna ya kukirudisha.

IPv6, toleo jipya la itifaki ya anwani za mtandao, kwenye Windows usiiguse. Microsoft yenyewe haishauri kuizima. Na kama mna vifaa vya tiba au mitambo ya kiwandani, mwite kwanza fundi wa mtengenezaji.