Mtoto akiharisha, tusisingizie meno

Nimelea wanangu katika nyumba ya kupanga Mbagala, wapangaji wote choo kimoja na bomba moja. Kila mtoto akianza kuharisha utasikia uani, "anaota meno huyo, yataisha." Mama wenzangu, tuliache neno hili, linawachelewesha watoto kupata tiba.

Meno huanza kutoka karibu na miezi 6. Umri huohuo ndio mtoto anaanza uji, ndio anatambaa, na kila anachookota kinaenda mdomoni: kandambili ya baba, mfuniko wa ndoo, vidole vyenye mchanga. Kinachomharisha ni vijidudu anavyomeza.

Basi angalia pale anapotambaa. Uani kwetu maji ya kufulia nepi yalikuwa yanamwagwa palepale jirani na mkeka wa watoto, kwa vile wengi wanaona kinyesi cha mtoto hakina neno. Kina vijidudu kama cha mtu mzima. Tukakaa wapangaji, tukakubaliana: cha kwenye poti kinatupwa chooni, maji ya nepi vilevile, na aliyeshika ananawa kwa sabuni. Mlangoni mwa choo tukatundika kibuyu chirizi, dumu la lita 5 tulilolitoboa, na sabuni ikaning'inia kwenye kipande cha neti. Sabuni ikikaa ndani chumbani, nani ataifuata?

Maji ya kunywa nachemsha hadi yatokote, naweka kwenye ndoo yenye mfuniko na koki. Kikombe cha kuchotea kinaingia na uchafu wa kila mkono. Uji wa asubuhi ukishinda bakulini kwa joto hili la Dar, mwaga, pika mwingine. Chupa ya kunyonyea sikuitaka kabisa, kwa kuwa chuchu yake ni ngumu kusafisha. Kikombe na kijiko vinatosha.

Chanjo ya rota, kirusi kinachoharisha watoto, ipo kliniki tangu 2013, wiki ya 6 na ya 10. Usiikose.

Akishaanza kuharisha, mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga na maji, mapema. Pakiti ya lita 1 ikorogwe kwenye lita 1 kamili ya maji safi na salama. Ukikadiria kwa macho unaharibu dawa. Mnyweshe kidogo kidogo kila anapoharisha. Akitapika, subiri dakika 10, uendelee taratibu. ORS uliyokoroga ikipita saa 24, mwaga iliyobaki. Ziwa asinyimwe, chakula pia. Omba na vidonge vya zinki kwa mhudumu wa afya, na umalize siku 10 hadi 14 ulizoandikiwa hata kama choo kimeshakuwa kigumu. Dawa ya watu wazima ya kufunga tumbo usimpe.

Ukiona macho yameingia ndani, utosi umebonyea, analia bila machozi, analegea, anashindwa kunywa, au choo kina damu, usingoje kupambazuke. Mbebe umpeleke hospitali, na kama bado anaweza kumeza, mnyweshe ORS njiani.