Kumchoka mtoto sio kutompenda

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na pale uliposema unajifungia bafuni unalia huku wa miaka 3 anagonga mlango na wa miezi 7 naye anapiga kelele kitandani, nilisimama kidogo maana na mimi nimepita hapo hapo. Unauliza kama we ni mama mbaya, kwa sababu mchana unamfokea mkubwa afu usiku akilala unamwangalia machozi yanakutoka kwa kumpenda.

Hapana, sio mbaya. Umechoka, na mtu anaweza kumchoka mtoto mpaka basi na upendo wake uko pale pale.

Huyo mkubwa akijitupa chini nusu saa eti kwa sababu umezima taa na yeye ndo alitaka kuizima, hakufanyii makusudi, sehemu ya ubongo ya kujizuia bado changa sana na itaendelea kukua mpaka avuke miaka 20, kwa hiyo maneno mengi wakati ule hayaingii, kaa karibu, angalia asijiumize, subiri. Angalia na usingizi wake pia, umri huo anahitaji saa 10 mpaka 13 kwa siku ukijumlisha na wa mchana.

Na ukimfokea, rudi. Chuchumaa umwambie "mama alikasirika akapiga kelele, samahani". Wengi tulilelewa kwamba mzazi haombi msamaha kwa mtoto, mimi hilo silikubali hata kidogo. Kwanza umeandika haraka haraka, kama kitu kidogo, kwamba juzi alimpapasa mdogo wake akamwambia "pole, mama anakuja". Unadhani hayo maneno kayatoa wapi? Kwako!

Baba yao umemtaja mara moja tu, kwamba "anasaidia akipata nafasi". Ni watoto wake jamani, mwambie achukue kuogesha na kulaza kila jioni, na wewe toka kabisa chumbani usimsahihishe.

Kilichonitia wasiwasi ni pale uliposema kuna siku hata mdogo akicheka huhisi chochote. Kama inaendelea wiki 2 sasa, nenda kliniki ukawaambie hivyo hivyo ulivyoniambia, sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) baada ya kujifungua huwapata wengi ndani ya mwaka wa kwanza na inatibika. Ukihisi unaweza kujidhuru au kuwadhuru watoto usihesabu wiki, nenda siku hiyo hiyo na mtu akusindikize.

Ukitoka huko niandikie tena, nakusubiri.